Nimeshiba, Kula Wewe

Mwenye nyumba alikuja Jumapili mchana, tumetoka kanisani hata viatu hatujavua, akasimama mlangoni ameshika kofia kama mtu aliyeleta habari za msiba. Akasema kodi itapanda shule zikifungwa. Simlaumu. Nimemjua tangu akiwa kijana wa kupiga mpira, magoti yamechubuka, na mama yake alikuwa rafiki yangu. Jina la mama yake nalikumbuka, na la paka wa mama yake pia. Majina ya watu wa Buruburu, mtaa ule wa Nairobi uliojengwa kwa awamu, ninayo yote kichwani, feizi kwa feizi. Hapa sitayaandika, maana wenyewe bado wapo na wana masikio.

Tulikuwa tunakaa nyuma ya nyumba yake, kwenye ekstensheni, vile vyumba ambavyo watu hujenga uani ili wapate kitu kidogo cha kuongezea pensheni. Vyumba viwili na jiko la mtu mmoja. Mkiingia wawili, lazima mmoja atoke kwanza ndipo mwenzake ageuke. Ndani tulikuwa wanne: mimi, mwanangu, mke wake, na binti yao ambaye ni wajina wangu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hiyo ukiita jina letu mlangoni tulikuwa tunaitika wawili, mmoja kwa mbio na mwingine kwa kikohozi.

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Karakana yao huko viwandani ilikuwa imepungukiwa na kazi, akawa anaitwa siku tatu kwa wiki, wiki nyingine siku mbili. Mke wake hushona sare za shule kwenye duka moja karibu na Jogoo Road, na wakati ule alikuwa akienda kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Mwenye nyumba alipoondoka, mwanangu alijikuna kichwa akasema, "Tuhamie Njiru. Kule nyumba ni bei rahisi. Kuna mwenzangu wa karakana amehamia huko, siku hizi analala vizuri."

"Hata maiti hulala vizuri," nikamwambia.

"Mama!"

"Njiru ni vumbi, na mvua ikinyesha ni matope. Mtoto atasoma wapi? Na huyu mkeo atafika kazini na nini, na mabawa?"

Wajina akaingilia, yeye hakosi neno kwa nyanya yake. "Shosho, kule nyumba ni mpya. Ziko na tailisi sakafuni."

"Utakula tailisi?"

Maneno niliyosema yalikuwa ya mtoto na ya kazi, lakini moyoni nilikuwa na yangu. Mume wangu, Mungu amlaze pema, ndiye aliyenileta Buruburu nikiwa bado nabeba mwanangu mgongoni. Nyumba yetu ya kwanza nikienda dukani napita chini ya dirisha lake. Kanisa langu liko pale, wanawake wenzangu wa maombi wako pale, na ng'ambo ya ukuta kuna jirani ambaye tumetaniana miaka mingi mpaka watoto wetu wakadhani tunagombana. Mti mzee ukiung'oa hauoti kwingine. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

"Basi nipeni jikoni," nikasema. "Hela yote ya chakula na makaa na sabuni nishike mimi. Hicho anachotaka kuongeza mwenye nyumba nitakitoa kwenye sufuria."

Mwanangu akacheka. Mke wake hakucheka. Aliniangalia akasema, "Mama akisema ataweza, ataweza."

Tukakubaliana hivyo. Nikipata ile nyongeza kutoka jikoni mpaka shule zifungwe, tunabaki. Nisipoipata, tunakwenda Njiru na nisisikike nikinung'unika.

Nikafunga leso kiunoni. Mtungi wa gesi nikausukuma pembeni, ukawa wa chai ya asubuhi peke yake. Maharagwe nikaacha kuchemsha, kwa sababu kuna mwanamke kwenye kona anayeinjika sufuria kubwa juu ya kuni tangu alfajiri na kuuza kwa kikombe, na kikombe chake ni rahisi kuliko makaa ambayo ningeyachoma mwenyewe. Sukuma wiki nikawa nanunua na majani yake mazima. Mama mboga wa pale langoni anaweza kukukatia nyembamba kama nywele, ukaona mfuko umejaa, ukifika kwenye moto unapotea wote. Nilikata mwenyewe, na vile vijiti vya katikati sikutupa. Nilivikatakata nikavikaanga kwanza na kitunguu mpaka vikalainika.

Wajina alivigundua siku ile ile.

"Shosho, hizi ni nini?"

"Ni sukuma."

"Hizi ni miti, shosho. Tunakula fanicha."

Baba yake akapaliwa na ugali kwa kucheka. Toka siku hiyo nikiweka mboga mezani wananiuliza kama leo ni kiti ama ni stuli.

Nyama ilikuwa ya Jumamosi, na haikuwa nyama, ilikuwa mifupa ya supu. Kijana wa buchari alinizoea akaanza kunichokoza. "Shosho, leo tena? Mbwa hajambo?"

"Mbwa anakusalimu, amesema mnafanana," nikamjibu. "Nipe mfupa wenye haya, uliojifunika nguo kidogo."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini, na kwa hicho kicheko akaniongezea kipande cha nyama. Ndivyo nilivyoishi miezi hiyo, na nitasema kweli, nilifurahia. Mtu ukizeeka watu hukupokonya kazi moja moja wakisema wanakupumzisha, mpaka unabaki kuangaliwa tu. Sasa nilikuwa na jambo la kuniamsha. Kila wiki nilikuwa natenga kitu kwa ajili ya ile nyongeza, na kila wiki kilikuwa kinatosha.

Sasa niseme juu ya kupakua, maana hapo ndipo penye hadithi. Mahali nilipolelewa, anayepika ndiye anayepakua, na anayepakua hula mwisho kile kilichobaki. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Ulimwona mama yako akikwangua sufuria, ukajua. Mke wa mwanangu anatoka mlima ule ule ninaotoka mimi, naye alimwona mama yake akifanya hivyo. Desturi hii inataka nyumba yenye mwanamke mmoja. Kwetu tulikuwa wawili.

Jioni nilipika, nikampakulia mwanangu, nikampakulia wajina, halafu sehemu ya mke wa mwanangu nikaiweka kwenye hotipoti, kwa kuwa yeye alifika giza likiwa limeingia. Nilihakikisha sehemu yake ni nzuri. Mtu amekanyaga cherehani kutwa, halafu atembee. Mimi nilichukua ukoko, nikapangusia mchuzi, nikanywa maji.

Akifika ananiuliza, "Mama, umekula?"

"Nimeshiba mpaka hapa," najibu, nikionyesha shingo.

Asubuhi nafunua hotipoti, nakuta chakula kipo zaidi ya nusu. Mara ya kwanza nilimuuliza, "Mbona hukula?"

"Nilikula kazini, Mama. Siku hizi tajiri wetu anatupikia githeri ya mahindi na maharagwe."

Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya huyo tajiri. Hata kanisani nilimwombea, nikasema Bwana mbariki mwajiri anayekumbuka wafanyakazi wake. Na kile chakula nikakipasha moto nikawapa mwanangu na wajina pamoja na chai, mke wa mwanangu akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo mkate wa asubuhi nikaacha kuununua.

Halafu nikawaza: kama kila siku chakula kinabaki, basi unga ninaopima ni mwingi. Nikapunguza. Kikabaki. Nikapunguza tena. Bado kikabaki! Nikajiona bingwa. Kwenye maombi ya wanawake niliulizwa nafanyaje, nikawaeleza habari za vijiti vya sukuma na maharagwe ya kona, na wenzangu wakatikisa kichwa wakisema kweli utu uzima dawa.

Aliyenifungua macho ni yule jirani wa ng'ambo ya ukuta. Yeye ni mama wa Kiislamu, mjane kama mimi, anafuga kuku uani na ulimi wake haujui foleni. Nilikuwa naanika nguo, naye akachungulia juu ya ukuta.

"Dada, hapo kwenu kuna nini?"

"Kuna amani," nikamjibu. "Kwako je?"

"Amani gani inayonenepesha mtu mmoja? Nimemwona mwanao akipita, shati limeshikwa na kifungo kimoja, vingine vimekata tamaa. Mke wake amekuwa kama ufito. Na wewe hiyo sketi naona umeifunga kamba. Huyo mwanao mnamfuga? Mnamchinja Krismasi?"

Nilicheka mpaka nikashika kamba ya nguo. Mwanangu kweli alikuwa ameota kitambi, na hana kazi siku nne kwa wiki.

"Cheka tu," akasema. "Watu watasema mama mkwe amekalia sufuria."

"Huyo binti anakula kazini. Tajiri wao anawapikia."

"Nani anawapikia?" Akajivuta juu ya ukuta mpaka nikaona mabega. "Mpwa wangu anashona hapo hapo, cherehani ya pili kutoka mlangoni. Huyo tajiri wao hata maji ya kunywa angewauzia kama angepata glasi. Githeri! Labda wanainusa kwa majirani."

Nikaacha nguo kwenye beseni. Niliingia ndani nikakaa kitandani, na kicheko kikaniishia mdomoni. Nilikumbuka jinsi mke wa mwanangu alivyokuwa akishika ukuta kidogo kabla ya kuinama kuvua viatu. Nilidhani ni uchovu wa cherehani.

Ilikuwa Jumamosi, siku anayotoka mapema. Mwanangu alikuwa ameitwa kupima lango la mtu, na wajina yuko nje anaruka kamba. Mke wa mwanangu alipoingia jikoni kuweka mfuko wake, nami nikaingia nikasimama mlangoni, akawa hawezi kutoka wala kugeuka.

"Leo umekula nini?" nikamuuliza.

"Nimekula kazini, Mama."

"Umekula nini?"

"Githeri."

"Githeri ya nani?"

Akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

"Binti yangu, nakuuliza. Githeri ya nani?"

Akaniangalia, na nikaona ameamua kwamba kama ni vita na iwe vita. "Na wewe, Mama, leo umekula nini?"

"Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Kile cha jana, ulichobakisha."

"Cha jana?" akasema. "Leo asubuhi nilisahau makasi nikarudi. Hamkuniona, niliyachukua kupitia dirishani. Cha jana nimekiona kwenye sahani ya baba ya mtoto na kwenye sahani ya mtoto. Wewe ulikuwa na kikombe cha chai ya rangi. Mama, mimi hicho chakula nakuachia wewe!"

"Unaniachia mimi? Mimi ndiye ninayekuachia wewe!"

"Nilijua ukipakua hubakishi chako. Nikasema nikiacha kwenye hotipoti, atakula asubuhi kwa sababu hawezi kutupa chakula."

"Na mimi nikasema umeshiba kwa tajiri. Nimemwombea yule mtu, wewe! Kanisani, nimesimama!"

Tukatazamana. Tulikuwa karibu sana, jiko lenyewe ndilo lile. Akasema polepole, "Kwa hiyo nani amekuwa akila?"

Kama aliyeitwa, mwanangu akaingia kutoka nje akipiga mluzi, futi ya kupimia shingoni, kile kifungo kimoja kikiwa bado kazini. Akatuchungulia. "Mama, hakuna kitu cha kula hapo?"

Mke wake alijifunika uso kwa kitambaa cha sufuria. Mimi niliegemea kabati, mabega yakanitikisika mpaka machozi yakatoka. Mwanangu anauliza, "Nini? Nimefanya nini?" na kila akiuliza tunaanza upya. Mwishowe mke wake akamwambia, "Toka, toka tu, baba, tutakuita."

Kicheko kilipopungua nilimshika mkono. Vidole vyangu viwili vilizunguka kifundo cha mkono wake vikakutana, vikapitana. Nikavishikilia hapo.

Halafu nikawasha ile gesi niliyokuwa nimeisukuma pembeni. Wajina nilimtuma kwa jirani akaja na mayai, na ujumbe kwamba jirani amesema ni wakati hata sisi tule. Nilisonga ugali wa kutosha watu wazima, nikakaanga mayai na nyanya, nikaketisha mke wa mwanangu kwenye stuli. Akataka kunipakulia kwanza. Nikamwambia leo hakuna kupakua. Tulikula kutoka kwenye sufuria moja, mkono wake na mkono wangu, na nilikuwa nikiangalia mkono wake unarudi mara ngapi. Naye alikuwa akiangalia wangu. Hata mifupa ya Jumamosi nilikuwa nimesahau kuinunua, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Jioni tulimweleza mwanangu. Tulimweleza kama kichekesho, na wajina akajipiga mapaja kwa kucheka, lakini yeye hakucheka. Aliweka mkono juu ya tumbo lake kama aliyeona kitu cha mtu kimewekwa pale bila yeye kujua. Akatoka nje, akasimama uani. Aliporudi alikaa karibu na mke wake.

Mimi nilikuwa nimeshafanya hesabu yangu, na haikuwa ya shilingi. Zile hela nilizokuwa nikitenga kwa furaha kila wiki, nikijiona bingwa, hazikutoka kwenye vijiti vya sukuma wala kwenye maharagwe ya kona. Hivyo vilisaidia kidogo tu. Zilitoka kwenye mwili wa huyu binti aliyekaa mbele yangu akikunja sare za watoto wa watu. Tungeweza kuendelea hivyo na kubaki Buruburu, chini ya dirisha lile la zamani, na nyumba ingetumaliza mmoja mmoja ikianza na yeye.

"Kesho ukitoka kanisani," nikamwambia mwanangu, "mtafute yule mwenzako anayelala vizuri. Muulize kama kuna nyumba."

Mke wake akainua kichwa. "Mama, hapana. Tunaweza kupima unga upya. Mimi nitakula, nakuahidi. Na maombi yako je? Na mama wa kuku?"

"Mungu wa Buruburu si mgeni Njiru," nikasema. "Na huyo wa kuku ana miguu. Mdomo wake ukimwasha atakuja."

"Lakini Mama ulisema..."

"Nilisema. Sasa nasema hivi."

Sikutaka wanione, kwa hiyo nikainuka kwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Tulihama shule zilipofungwa. Vitu vyetu vyote viliingia kwenye pikapu moja na nafasi ikabaki, nikashangaa, maisha yote yale. Mwenye nyumba alikuja na kofia yake mkononi akanisaidia kupanda mbele. Jirani yangu alinipa kuku jike amefungwa miguu kwa kitambaa, akanionya, "Huyu ni wa mayai. Nikisikia mmemla nitajua ni yule mwanao." Halafu akageuka upesi akaenda kufokea kuku wengine ambao hawakuwa wamekosa.

Njiru ni vumbi, nilisema kweli. Maji tunanunua kwa mitungi, na kanisa nililopata lina waimbaji wengi kuliko wenye sauti. Lakini kodi ya huku inapumua. Mke wa mwanangu sasa hupanda gari kwenda kazini, na nauli yake ikitoka bado kinabaki kitu cha unga uliopimwa vizuri na cha maziwa ya chai. Mwanangu amepata kazi kidogo kidogo kwa hawa watu wanaojenga, kila mtu huku anataka lango. Wajina analalamika kwamba wenzake wapya hawaelewi mafumbo yake, halafu namwona barabarani na kundi zima nyuma yake. Mimi usiku mwingine naamka nikidhani niko Buruburu, nasikiliza kama kuku wa jirani wameanza.

Tuna sheria moja, niliyoiweka mimi na hakuna aliyebisha. Hakuna anayekula kabla mke wa mwanangu hajafika. Mboga inakaa tayari pembeni, maji yanachemka, na unga sigusi. Mwanangu na binti yake hawajazoea. Giza likianza kuingia wanatoka wote wawili mpaka kando ya Kangundo Road, wanasimama hapo wakiangalia kila gari linalosimama, na mtu asiyewajua atafikiri ni mapenzi tu. Mapenzi yapo, lakini ni njaa pia.

Juzi gari lake lilichelewa. Mwanangu alirudi mara mbili kuchungulia jikoni, nikamfukuza na mwiko. Akasema, "Mama, hata kidogo tu, cha kushikilia roho," nikamwambia ashikilie mlango. Halafu nikasikia viatu vya wajina vinakuja mbio, na sauti yake kabla hajafika langoni, majirani wote wakisikia:

"Shosho, ameshuka! Tia unga!"

Nikatia.